Kipande Chetu cha Jukwaa

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tunaamka na kulala salama, ila wifi yako anasumbuliwa na jino na hataki kusikia habari ya kung'oa. Anasema ning'olewe mimi kwanza, yeye atazame. Mtoto wa mwisho ameanza shule, na kila siku anarudi na kiatu kimoja hakina kamba. Nikimuuliza anasema amemwazima rafiki. Mkubwa anasema shangazi yake amemsahau. Nimemwambia shangazi yako hasahau mtu, anaweka akiba ya kugomba.

Shemeji goti linaendeleaje? Mwambie asipande ngazi bila sababu, kama ni taa imeungua asubiri mrefu wa kuibadilisha.

Kazi ya kuchomelea ipo ipo. Nimepata mageti mawili ya nyumba na vitanda vya hosteli, na siku za mechi bado nasimama geti la uwanja kama kawaida, nachana tiketi na kutukanwa.

Sasa habari ya uwanja. Ile kampuni niliyokudokezea mwaka jana imekuja kweli. Walituita wachache hotelini tukaone mfano wa uwanja mpya, wameutengeneza mdogo wa kutosha kukaa juu ya meza. Dada, kila kiti kina mgongo! Paa limezunguka pande zote, hakuna wa kunyeshewa. Utajengwa nje ya mji, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto. Wao wanachukua huu wetu wa katikati ya mji, waubomoe, wajenge maduka na ofisi. Wanasema siku hizi ardhi iliyo chini ya uwanja ina thamani kuliko timu yenyewe, na sisi tunaikalia tu.

Mkutano wa wanachama ulifanyika Jumapili iliyopita. Watu walijaa. Jambo lilipita, na mwisho wa Juni kuna mkutano wa kuthibitisha, halafu basi.

Nisikuchoshe. Salimia wote.

Mdogo wako

26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika imelowa pembe moja, lakini maneno uliyoandika yote yanasomeka. Mpe pole wifi. Mwambie jino halibembelezwi, aende. Na huyo wa kamba za viatu usimpige, mtoto asiye mchoyo ni wa kushukuru, katika ukoo wetu hawajazaliwa wengi.

Goti la shemeji yako limekuwa redio, linatangaza mvua kabla haijaja. Ngazi alishapanda, alishaanguka, alishanuna. Mimi kazini tunahangaika. Mashine moja kubwa ya kufulia imekufa, kwa hiyo mashuka ya hospitali nzima yanapita kwenye mbili zilizobaki, na wodini wanapiga simu kila saa kama vile tumeyakalia.

Sasa nikuambie. Juzi Mama Tiketi alinipigia. Sauti yake haijapungua hata kidogo, yule mwanamke akiuza tiketi dirishani hahitaji tangazo. Akasema, "Asante dada yetu kwa kukubali, bila kipande chenu isingepita." Nikamwambia asante na wewe. Wala sikujua nimekubali nini.

Utaratibu ni ule ule wa baba zetu au mmeubadilisha? Kama umesahau nikukumbushe. Uwanja ule hakuujenga tajiri. Kila nyumba ilijenga kipande chake cha jukwaa, na kipande ndio kura. Siku ya jambo kubwa kila mmoja anakaa kwenye kipande cha kwao. Anayekubali anabaki amekaa, anayekataa anashuka mpaka kwenye nyasi. Na kipande kikiwa na warithi wawili, mwenyekiti anamuuliza aliyekuja, "Mwenzako anasemaje?" Asipojibu, kipande hakihesabiwi.

Kwa hiyo nakuuliza moja tu. Mwenyekiti alipokuuliza mwenzako anasemaje, ulimjibu nini?

Dada yako

15 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia mnaendelea. Jino limeng'olewa! Wifi yako alimshika daktari mkono kwa nguvu mpaka daktari akaomba msaidizi amshike yeye. Sasa anakula upande mmoja na kugomba pande zote mbili.

Huku mvua imetupiga. Banda langu la kazi liliingia maji, ikabidi niinue mashine ya kuchomelea niiweke juu ya meza kama mgeni. Uwanjani nako ukuta wa nyuma wa jukwaa umedondoka kipande kizuri, ilikuwa siku ya kazi, hakukuwa na mtu, mbuzi wa jirani tu ndio waliokimbia. Watu wamecheka sana.

Kuhusu mkutano, dada, kulikuwa na kelele nyingi. Kile kipaza sauti cha mwenyekiti unakijua, kinakoroma kuliko kinavyosema. Mambo yalikwenda haraka haraka na vipande vikahesabiwa vyote pamoja. Mama Tiketi naye unamjua, akisikia robo anasimulia tatu.

Nimekuwekea picha ya ule mfano. Angalia viti.

Mdogo wako

2 Aprili

Marahaba.

Sote wazima. Picha nimeiona. Sikukuuliza habari ya kipaza sauti.

Dada yako

9 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua kimya changu kimekuwa kirefu. Watoto wazima. Wifi yako anakusalimia, na leo yeye ndiye aliyeniwekea karatasi na kalamu mezani, akawachukua watoto akaenda nao kwa mama yake. Akasema akirudi akute bahasha imefungwa, la sivyo atakuandikia yeye. Kwa hiyo naandika.

Nilisema, "Tuko pamoja."

Ndiyo hivyo. Mwenyekiti alifika kwenye kipande chetu, akauliza mwenzako anasemaje, nikamjibu kwa sauti, tena nimekunja nne, "Tuko pamoja." Mama Tiketi alikuwa kwenye kipande cha kwao hapo jirani. Akageuka. "Amekuambia lini, na yuko mbali?" Nikamwambia, "Mama Tiketi, mambo ya ndugu wawili unayatakia nini, ya kwenu yamekwisha?" Watu wakacheka, mwenyekiti akapita akaenda kwa mwingine. Kicheko kile ndicho kilichonivusha. Hesabu ilipotolewa, jambo lilipita kwa kipande kimoja. Kipande chenyewe ndicho hicho.

Sikukuuliza kwa sababu nakujua. Ukiulizwa, na wewe unauliza. Na mimi nilikuwa na kitu sitaki kiulizwe.

Siku ile hotelini wenzangu walipokwenda kunywa soda, mimi nilibaki mezani pale na ule mfano. Nikainama kutazama geti kubwa, maana ndiyo kazi yangu. Nikaona wameweka kijitu kidogo cha plastiki, kimesimama getini, kina koti la buluu. Yule bwana wa kampuni akaja nyuma yangu. Sisi tunamwita Tai, kwa sababu hata jua likiwaka vipi hailegezi tai yake shingoni. Akaninong'oneza, "Huyo ni wewe. Mkuu wa mageti yote. Ofisi, koti, na vijana chini yako."

Dada, nina mvi kichwani. Sijawahi kuwekwa kwenye mfano wa kitu chochote.

Nikamuuliza, "Na vipande vyetu vitakuwa upande gani?" Akacheka, wala si kwa dharau. Akasema vipande havitakuwepo. Uwanja mpya utakuwa mali ya kampuni, na timu yetu itapanga, kama mpangaji mwingine yeyote, inalipia kila mechi. "Ila hilo tutawaeleza baadaye, kwa utaratibu," akasema. "Wewe naona ni mtu mwelewa." Basi, nikawa mwelewa.

Kwenye mkutano fundi viatu, yule mzee wa kipande cha kona, aliuliza waziwazi uwanja mpya utakuwa wa nani. Mwenyekiti akamjibu, "Wa timu, wa nani tena?" Mwenyekiti hakuwa anadanganya, hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, nikaangalia viatu vyangu.

Kuna na lingine, na hili ndilo lililonishinda kuandika miezi yote hii. Nilikuwa na kinyongo na wewe. Ulipoolewa ukaenda, mimi nilibaki. Nimefagia kipande kile, nimepaka rangi, nimezika wazee wetu wawili nikiwa hapa, na kila mkutano bado naulizwa mwenzako anasemaje, kama mtoto aliyetumwa dukani. Siku ile nikajiambia, leo nasema mwenyewe, yeye ameshaondoka, ana nini pale?

Halafu nikakumbuka alivyokuwa akisimulia mama. Uwanja ulipojengwa, wewe ulikuwa msichana mdogo unabeba mchanga kwa debe, na mimi nilikuwa mgongoni kwako nimefungwa kanga. Mimi mchanga wa pale sikubeba hata kopo moja. Nilikuwa mzigo. Na nimekwenda kusema kwa mdomo wako.

Mkutano wa kuthibitisha ni Jumapili ya mwisho ya Juni. Nitasimama niseme yote mawili, hili la kwako na hili la upangaji. Sheria unaijua. Mtu akisema uongo jukwaani, kipande chake kinafutwa kwenye hesabu ile, na yeye anavuliwa kazi yoyote ya klabu. Koti la Tai nalo ndiyo kwaheri. Sawa. Nimeshaamua, sirudi nyuma.

Naomba unisamehe. Usijibu haraka kama huna la kujibu.

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi na shemeji yako wazima. Mashine iliyokufa imefufuka, fundi aliyeitengeneza alikuta soksi mbili za daktari ndani ya bomba. Zimetundikwa ofisini mpaka mwenyewe ajitokeze, na hajitokezi.

Nimechelewa kwa makusudi. Barua yako niliisoma kazini, kwenye chumba cha kupigia pasi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikaunguza shuka. Msimamizi akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia ndiyo, kuna mdomo wangu umeibwa. Akaniangalia akaondoka.

Kinyongo chako nimekisikia. Ungekitoa zamani tungegombana siku moja tukamaliza. Sasa umekilea mpaka kikaota meno.

Lakini sikia, nimefikiri sana. Usiende kujianika mbele za watu. Nitampigia mwenyekiti nimwambie nilikubali, kwamba tulizungumza kwa simu kabla ya mkutano. Jambo liishe hapo. Habari ya upangaji mvute mwenyekiti pembeni umnong'oneze, ajue mwenyewe la kufanya. Mimi nikiguna huku mbali hakuna anayenisikia. Wewe unaishi pale. Wifi ana meza yake sokoni, watoto wanasoma na watoto wa wanachama. Unajua watakavyowaita?

Niambie ndiyo, nipige simu. Na kama mimi mwenyewe nauona vipi uwanja ule, hilo usiniulize sasa.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Naandika upesi ili hii ikuwahi.

Wifi yako ameisoma barua yako mara mbili. Amesema, "Mwambie wifi nampenda, na hapana." Mimi nasema hivyo hivyo. Ukimpigia mwenyekiti utakuwa umesema uongo kwa ajili yangu, na mimi nitakuwa nimekutumia mara ya pili, safari hii na wewe ukiwa unajua. Usimpigie, nakuomba.

Na kunong'ona hapana. Tai alininong'oneza, umeona kilichotokea. Watu wale walidanganywa kwa sauti, wataambiwa kwa sauti.

Watoto nimeshawaambia. Mkubwa aliuliza tu, "Shangazi anajua?" Nikamwambia ndiye wa kwanza kujua. Akasema basi sawa.

Mdogo wako

8 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Tuko wazima, ndilo la kwanza. Wa mwisho ana kovu dogo juu ya jicho, nitakueleza.

Nilifika mapema nikakaa kwenye kipande chetu. Meza ya wakubwa iliwekwa kwenye nyasi, Tai yuko katikati, na kikombe cha maji mbele yake. Mwenyekiti alipofungua tu, kabla hajasoma hoja, nikainuka nikaanza kushuka.

Mwenyekiti akapiga kelele, "Wee mlinda geti, bado hatujahesabu! Rudi ukae!"

Nikasema, "Sishuki kukataa. Nashuka kusema."

Nikasema. La kwako kwanza. Kwamba dada yangu hakuulizwa, kwamba "tuko pamoja" ilikuwa ya kwangu peke yangu. Kelele zilizotoka hapo, dada, ngoma ya timu haijawahi kuzifikia. Mmoja akasema, "Aliahidiwa koti huyo!" Nikamjibu ndiyo, niliahidiwa, la buluu. Nadhani walitegemea nikatae. Ndipo nikasema la upangaji.

Mwenyekiti akageuka taratibu. Mzee yule sijawahi kumwona na uso ule. "Bwana," akamwambia Tai, "ni kweli tutakuwa wapangaji?"

Tai akarekebisha kipaza sauti. "Neno mpangaji ni kali kidogo, mwenyekiti. Sisi tunapenda kusema mtumiaji mkuu."

Mama Tiketi alikuwa ameshasimama. "Mtumiaji mkuu ana funguo?"

"Funguo zitakuwa ofisini, mama."

"Ofisi ya nani?"

Tai akanywa maji.

"Nakuuliza baba, ofisi ya nani? Siku hujalala vizuri ukaamua hatuchezi, nani anatufungulia?"

Watu wakaanza kushuka. Sikuambii wote, la. Wapo waliobaki wamekaa mpaka mwisho wamekunja mikono, na sababu zao wanazo, hata mimi siku moja nilikuwa nazo. Fundi viatu alibaki. Kipande chetu kilifutwa, na hesabu haikufika. Kampuni imeambiwa ikitaka irudi mkutano wa Oktoba, na ije na maelezo ya nani atamiliki nini, yasomwe yote mbele ya wanachama, mpaka herufi ndogo.

Halafu mwenyekiti akaniita mbele akanivua kitambaa cha getini, kile cha mkononi. Hakunitukana. Angenitukana ningeona nafuu. Akaniambia, "Baba yako alikuwa rafiki yangu," akaenda kukaa.

Yaliyofuata ni yale uliyoyasema. Mwenye hosteli amechukua kazi ya vitanda amempa mwingine, anasema hawezi kumwamini mtu wa midomo miwili. Sokoni kuna waliohama meza ya wifi yako na kuna waliohamia. Wa mwisho aliitwa mtoto wa mwongo, akajibu kwa ngumi na kujibiwa kwa ngumi. Nilimwambia asipigane, kwa sababu alichoambiwa ni kweli, na baba yake ndiye atakayekirekebisha, si yeye. Mechi ya juzi nilinunua tiketi kwa Mama Tiketi kama mtu mwingine. Akanirushia chenji bila kuniangalia, halafu akasema, "Pita, usizibe foleni." Nimeichukua kama salamu.

Sijutii. Nalala.

Sasa nakuuliza, kama nilivyopaswa kukuuliza tangu Januari. Oktoba tunakaa tena. Mimi nasema tusiuze. Tukarabati wenyewe, na ule upande wa barabarani tujenge maduka yetu ya kukodisha, timu ijiendeshe. Huo ni mdomo wangu. Wewe unasemaje?

Mdogo wako

19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na umeniliza. Mama Tiketi alinisimulia kwa simu kabla ya barua yako, nikakaa juu ya kikapu cha mashuka machafu mpaka alipomaliza. Akasema, "Mdogo wako mjinga lakini alisimama." Nikamwambia ujinga ni wa upande wa baba.

Wa mwisho mpake dawa yoyote anayopakwa na umwambie shangazi yake anakuja kumfundisha kukwepa.

Umeniuliza, nakujibu. Mimi nasema tuuze.

Nilipotaka kumwambia mwenyekiti kwamba nilikubali, ulidhani nakuonea huruma. Nusu ilikuwa huruma. Nusu ilikuwa kweli.

Unasema nilibeba mchanga. Nilibeba. Ndiyo maana najua kilichomo. Saruji ilikuwa kidogo, na mvua zilikuwa karibu, na kila nyumba ilitaka kipande chake kimalizike kabla ya cha jirani. Baba alikuwa akisema, "Ongeza mchanga, ongeza mchanga," na mimi naongeza. Kilisimama, watu wakapiga vigelegele, na mimi kila nikija kwenye mechi nikawa nakaa pembeni kabisa. Hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Mwezi wa tatu uliniandikia ukuta umedondoka mbuzi wakakimbia, na watu wakacheka. Niliisoma mara nyingi sentensi ile. Ingekuwa siku ya mechi ungeandika nini? Sisi hospitali ndio tunaofua mashuka, najua watu wakiangukiwa na kitu mashuka yanakuja yakoje.

Unaogopa upangaji. Mimi nimepanga tangu niolewe. Paa likivuja namwita mwenye nyumba, tena namwita kwa jina baya. Nyinyi ukuta ukidondoka mnamwita nani? Mnamiliki nyufa. Tuuze, lakini si kwa Tai na si kwa kunong'ona. Tuuze kwa masharti tuliyoyaandika sisi, timu iwe na sehemu yake ndani ya huo uwanja mpya na ufunguo mmoja wa geti ukae kwetu. Wasipokubali, tutafute mwingine. Hilo ndilo neno langu, na silibadilishi kwa sababu wewe umekuwa shujaa.

Dada yako

28 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikasirisha mpaka nikatoka nje. Wifi yako akauliza unakwenda wapi na nyundo, nikamwambia uwanjani.

Nilikaa kwenye kipande chetu nikagonga ngazi ya tatu, ile ya pembeni. Haikulia kama zege. Ilimeguka, nikaisaga kwa kidole, mchanga mtupu. Nikagonga na ya jirani, na ya jirani yake. Nilimfuata mwenyekiti moja kwa moja. Hakunikaribisha ndani, tulizungumza mlangoni, lakini alikuja akaona. Tangu jana nachomelea vizuizi vya chuma upande wote ule, bure, na hakuna atakayekaa pale mpaka parekebishwe. Mama Tiketi ameshaanza kuwaambia watu wa vipande vile wahamie ng'ambo, na unajua akisema yeye watu wanahama.

Kwa hiyo kwenye nyufa uko sahihi na mimi nilikuwa nacheka na mbuzi. Kwenye kuuza, dada, hapana. Bado nasema tubomoe tujenge wenyewe, pale pale, kidogo kidogo, saruji ya kutosha. Ufunguo mmoja unaokopeshwa na mtu si ufunguo. Mtu anaweza kubadilisha kitasa.

Nimemuuliza mwenyekiti itakuwaje sasa. Akasema warithi wawili wakipingana kipande hakihesabiwi, lakini wote wawili wakiwepo, kila mmoja anapewa nafasi ya kusema na jukwaa zima. Mmoja tu akiwepo, hapewi. Akasema haijatokea tangu uwanja ujengwe, ndugu kupingana mbele ya watu.

Basi iwe sisi. Waelezee ule mchanga kwa mdomo wako mwenyewe, mimi nitawaelezea ufunguo, wakitushinda wote wawili ni shauri yao. Kuna watu pale watakuamini wewe wasiniamini mimi, na wana haki. Sijali. Nataka wakusikie.

Chumba cha watoto kimeshaondolewa vitu, wao watalala sebuleni, wameshagombea nani alale karibu na mlango wako. Shemeji mlete, hakuna ngazi nyumbani kwetu.

Mkutano ni Jumapili ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi. Njoo unipinge.

Mdogo wako